Sweta halijaisha ila gita limerudi: jinsi ya kukwepa kazi vizuri

Mi nina sweta ninalofuma, limebaki mkono mmoja tu. Mmoja! Miezi liko kwenye mfuko, kila nikilitoa nakumbuka kazi nyingine ya haraka, mara kupanga kabati mara kutafuta chaja, na huko kwenye kutafuta chaja ndo nikakuta boksi la zamani lenye rangi zangu za maji na vitabu, gita nalo limelala nyuma yake. Sweta kwisha habari. Sasa nyie wenzangu mnaokwepa, kukwepa nako kuna namna yake.

Kwanza usiiache kazi hivihivi. Vitanzi vikikaa sana kwenye sindano vinavutika na kuacha alama, vihamishie kwenye uzi mwingine laini wa rangi tofauti. Afu andika kwenye karatasi umefika mstari wa ngapi, sindano saizi gani, umepunguza vitanzi mara ngapi. Usijidanganye eti utakumbuka, mi nilijidanganya nikaishia kuhesabu mistari kwa kidole na mwanga wa simu. Lebo ya uzi nayo itunze humohumo maana ina namba ya loti, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja, ukiishiwa ukanunua loti nyingine rangi inaweza kupishana na kila mtu ataona.

Haya, uko huru, fungua boksi.

Rangi za maji zilizokauka usitupe, dondoshea matone mawili matatu ya maji, subiri dakika chache, pitisha brashi, zinaamka kabisa. Za akriliki ndo hazirudi, zikishakauka ni plastiki hiyo.

Vitabu vikinuka uvundo vifungue kivulini penye upepo, sio juani, jua linafubaza jalada na kurasa zinakuwa njano. Na usianzie ulipoishia! Mi nilifungua pale nilipochomeka tiketi ya basi, yenyewe imefifia haisomeki, nikasoma kurasa tatu sijui nani kafa wala nani kamkimbia nani. Anza mwanzo. Ukifika ukurasa wa 30 bado unapiga miayo basi si bure ulikiacha, mpe mwingine.

Gita sasa, hapa pana maumivu. Nyuzi zenye kutu badilisha, na vidole vitauma kwa sababu zile sugu za zamani zimeshaondoka, kwa hiyo dakika 10 kila siku zinatosha, ukijitia shujaa ukapiga saa nzima siku ya kwanza kesho yake hata sindano hushiki (ambayo, kusema ukweli, ni sababu safi kabisa ya kutofuma).

Siku ukirudi kwenye sweta usiendelee moja kwa moja, mkono wako ukikaa muda mrefu bila kufuma unabadilika, unakaza au unalegeza uzi. Fuma kwanza kipande kidogo cha majaribio, hesabu vitanzi kwenye sentimita 10, linganisha na mkono wa sweta uliokwisha. Mi nimepima juzi: 22, na ule wa zamani ni 20, yaani sasa nakaza. Nimelirudisha kwenye mfuko, nimechukua brashi.