Karata ya 61: namna ya kumsoma mtu akiwa ameshika galasa

Chukua pakiti moja, ondoa jokeri, nane, tisa na kumi. Zibaki 40. Zihesabu mbele ya wote kabla ya kuchanga, maana karata za kijiweni huzeeka vibaya: kwa joto na jasho la Mtwara kona hujikunja, na ree (karata ya A) ya kopa yenye kona iliyovunjika wenyeji wote wanaijua hata ikiwa imefunikwa. Ikifika hapo, changeni pesa mnunue nyingine.

Ree ni 11, saba 10, K 4, J 3, Q 2. Sita kushuka mpaka mbili hazina kitu. Hizo ndizo galasa. Jumla ni 120, anayefikisha 61 kashinda, ndiyo maana wengine huuita wahedi wa sitini. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huitwa kwa Kireno bisca, na majina yetu ya aina nne za karata, kopa, pau, uru na shupaza, yametoka kwenye Kireno hichohicho. Sasa piga hesabu: ree na saba ziko nane tu, zimebeba pointi 84. Galasa ziko 20, nusu ya pakiti. Muda mwingi mtu ameshika uchafu, na tabia yake utaiona hapo.

Kaeni wanne, wenza wakitazamana. Gawa tatu tatu, funua moja iwe turufu, yaani aina yake inazila aina nyingine zote, ilaze chini ya rundo ionekane. Kila mzunguko ukiisha, aliyekula (aliyeshinda karata za mezani) analamba, yaani anaokota moja rundoni, kwanza, wengine wanafuata kwa zamu. Kubalianeni mapema: rundo likiisha, kufuata aina ni lazima? Na mwenye mbili ya turufu anaruhusiwa kuibadili na ile iliyofunuliwa? Mkiliacha hili, mtagombana katikati ya mchezo.

Kosa la mgeni ni kufungua kwa ree isiyo turufu. Mbili ya turufu inaila, pointi 11 zimekwenda. Fungua kwa galasa. Saba yako isubiri uwe wa mwisho kutupa, au mwenza ameshapiga turufu kubwa na hakuna wa kumzidi, hapo mpakie pointi.

Turufu ziko 10. Hesabu zilizotoka kimoyomoyo, si kwa midomo. Halafu tazama mikono. Aliyelamba akaitenga karata mpya na zile mbili, mara nyingi kapata turufu. Anayetupa harakaharaka hana cha kuchagua, zote tatu galasa. Anayesita pointi zikiwa nyingi mezani anayo turufu ila anaionea uchungu. Mchokoze na K, ataitoa. Kishindo cha kupiga karata mkekani kipuuze, wengi hupiga hivyo hata wakitupa nne ya pau.

Vijana waliokulia anime, katuni za Kijapani, huomba karata ya mwisho iwaokoe. Humu karata ya mwisho iko wazi tangu mwanzo, na wachache huitumia. Zimegawiwa 12, zimebaki 28, yaani kulamba mara saba. Baada ya mzunguko wa saba, anayelamba wa mwisho ni mpinzani wa yule aliyekula. Kwa hiyo kama chini kuna ree au saba ya turufu, ninyi muuache mzunguko huo: tupeni galasa, wao wale, turufu ije upande wenu. Isipokuwa mezani pana zaidi ya pointi 11. Hapo kuleni tu.

Mwenza mwenye pupa atauharibu mpango huu, kwani kwake kila kinacholika lazima kiliwe. Usimfokee mchezo ukiendelea, utakuwa umewaeleza wapinzani ulichoshika. Mwoneshe hesabu karata zikikusanywa. Akirudia mara ya tatu, badilisheni viti.

Mkiwa wawili, mzunguko wa kuacha ni wa 17. Mkiwa watatu, toeni karata moja ya mbili kabla ya kuchanga, zibaki 39, na wa kuacha ni wa 10. Ila hapo ni lazima ale yule anayekufuata, yaani mwenye zamu inayokuja baada yako.