Somo: Kuchagua matairi ya rafu rodi kwa foo-wili unayoendesha kila siku

Habari zenu wakuu. Swali la matairi linajirudia sana humu, na majibu mengi yanaishia kwenye "chukua M/T (tairi la tope, lenye meno makubwa), gari litapendeza". Litapendeza kweli. Ila foo-wili inayokwenda kazini siku tano na kuingia porini mara mojamoja inahitaji tairi la kazini kwanza, na hatari kubwa kwake ni lami iliyolowa kuliko tope.

Hatua ya 1: Hesabu njia zako bila kujidanganya

Chukua wiki yako ya kawaida, usichukue ile safari unayoiota. Lami ni kiasi gani, vumbi na kokoto kiasi gani, tope kiasi gani? Kisha jiulize: nikikwama, nakwama wapi, na nani atanivuta? Anayekaa mwisho wa njia ya mfinyanzi ana haki ya kununua meno makubwa hata kama kipande chenyewe ni kifupi, maana asipopita hafiki nyumbani. Wengine wote tuache kumwiga.

Hatua ya 2: Chagua aina

H/T (tairi la barabara kuu) ni la lami na vumbi jepesi. Halina makuu, lina utulivu, halili mafuta.

M/T lina kashata (vipande vya mpira vinavyogusa njia) kubwa zenye nafasi pana katikati ili tope litupwe nje tairi linapozunguka. Nafasi hizohizo ndizo zinazopunguza mpira unaogusa lami. Mvua ikinyesha breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, na kwenye kona gari linasitasita kabla ya kufuata usukani. Mlio nao utaupata, na unaongezeka jinsi tairi linavyochakaa.

A/T (tairi la njia zote) liko katikati, na kwa wengi wanaosoma hapa ndilo jibu. Ila A/T hazifanani. Ukiwa dukani inama uziangalie. Juu ya kila kashata tafuta michirizi myembamba, kama iliyochanjwa kwa wembe. Hiyo ndiyo inayoshika lami yenye maji. Kama michirizi ni mifupi mno kwa kina, itapotea tairi likiwa bado na nusu ya maisha. Halafu chungulia chini ya mifereji: vituta vidogo vya mpira utakavyoviona kati ya kashata vimewekwa kusukuma vijiwe vitoke kabla havijachimba kuelekea kwenye nyuzi za ndani ya tairi. Anayepita kokoto kila siku asinunue tairi lisilo navyo.

Kuna pia R/T (tairi la njia mbovu), kati ya A/T na M/T. Ni zuri kwa mwenye tope la mara kwa mara, lakini kwenye lami tabia zake nyingi ni za M/T.

Hatua ya 3: Soma ubavu wa tairi

Mfano: 265/70R16 112S. Upana ni milimita 265, ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, rimu ni inchi 16. Namba 112 ni uzito ambao tairi moja linabeba, kilo 1,120. S ni mwendo, kikomo kilomita 180 kwa saa. M/T nyingi zina Q, yaani 160. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyowekwa na mtengenezaji wa gari lako.

Ukiona LT mbele ya ukubwa, hilo limejengwa kwa mizigo: tabaka nene, ubavu mgumu, uzito zaidi. Mara nyingi utaona namba mbili za uzito, kwa mfano 121/118. Ya kwanza (kilo 1,450) ni ya tairi likiwa peke yake, ya pili (kilo 1,320) ni ya magurudumu pacha. Mwisho kuna herufi C, D au E. Kadiri inavyopanda, ndivyo tairi linavyokuwa gumu.

Hapa watu wengi hununua wasichokihitaji. E kwenye gari linalotembea tupu ni kujitesa: linarukaruka kwenye kila shimo na mafuta yanaongezeka. Nunua LT kama unabeba mzigo mzito, unavuta trela, au unapita kwenye mawe makali yanayochana mbavu. Na ukilifunga, upepo wa kwenye kibandiko cha mlango hautoshi tena, kwa sababu LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Hatua ya 4: Ukubwa

Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kutoka takriban milimita 777 hadi 804. Gari litanyanyuka nusu ya tofauti hiyo, milimita 13 tu. Kabla ya kulipa, funga moja mbele, kata usukani hadi mwisho pande zote, kisha rudi nyuma ukiwa umekata hivyohivyo. Likigusa madigadi gari likiwa tupu, likiwa na abiria na shimo juu yake litakula plastiki.

Hatua ya 5: Tarehe

Tafuta maandishi DOT. Tarakimu nne za mwisho, mfano 2323, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo soma kabla fundi hajafunga.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mbili za nyuma bado nzima. Naweza kununua mbili tu?*

Inategemea gari. Kama ni foo-wili ya muda wote, nunua nne zinazofanana. Matairi ya mzunguko tofauti yanailazimisha difu ya kati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) ifanye kazi bila kupumzika, inapata joto na kuharibika. Kama foo-wili unaiweka mwenyewe, mbili zinakubalika, ila ekseli moja isichanganye aina. Mpya funga nyuma, hizo nzima zije mbele: nyuma ikiteleza kwenye maji, gari linageuka na wengi hawawezi kulirudisha.

*Nikiweka kubwa, spidomita itadanganya?*

Ndiyo, itasoma pungufu. Kwa mfano wa hatua ya 4, ikionyesha 100 unatembea karibu 103. Ukiruka hadi 285/75R16 unakaribia 107, na hapo utahisi pia gari limekuwa zito kuondoka.

*Kaka, kwenye mchanga nipunguze upepo hadi ngapi?*

Kama unatembelea psi 35 (kipimo cha upepo), shuka hadi 18 au 20, nenda polepole, usikate kona kwa ghafla. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu za kawaida. Njia mbovu ya mawe, 25 inatosha. Nasema hili kwa mkazo: A/T lililopunguzwa upepo litapita mchanga ambao M/T lenye 35 linachimba na kuzama. Pampu ndogo ya kwenye gari nunua kabla ya kufikiria meno makubwa, kwa sababu ukirudi kwenye lami bila kujaza tairi litapata joto na kupasuka.

*Zangu A/T zimeanza kuvuma kama ndege, na hazijaisha. Nini shida?*

Pitisha kiganja juu ya kashata kuelekea mbele, kisha rudisha nyuma. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, zimelika vibaya. Mara nyingi ni kwa sababu hazikuhamishwa nafasi, au alaimenti imeharibika. Zihamishe kila kilomita 8,000 hadi 10,000, tairi la akiba likiwemo kama linafanana na mengine. Mlio uliokwisha kuanza hautaondoka wote. Kama mlio umeambatana na usukani kutetemeka, mwambie fundi aangalie na beringi za magurudumu, huenda matairi yanasingiziwa.