Darubini bandia: nenda dukani na rula

Darubini ya kwanza ya macho mawili niliyoinunua kwa pesa yangu ilikuwa na jina la kampuni kubwa ubavuni. Niliipata hapa hapa Arusha, kwenye meza iliyopangwa saa, miwani na tochi, nikatoa laki moja na themanini. Wiki ile ile nikashuka na watalii Ngorongoro. Ndani ya kreta huruhusiwi kuacha barabara kumfuata mnyama, kwa hiyo faru akiwa mbali, darubini ndiyo itakayokusogezea. Mgeni wangu, mama wa makamo, alihangaika dakika tano na nukta ya kijivu upande wa msitu wa Lerai, akanirudishia huku amefumba jicho moja. Alisema anaona faru wawili, mmoja juu ya mwenzake, na kichwa kimeanza kumgonga. Faru alikuwa mmoja.

Mama yule alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya asubuhi ile. Ndiyo sababu vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii wakiniuliza wanunue darubini ipi, huwaambia kwanza wanunue rula ya shule.

Jina lolote linaweza kubandikwa. Namba zinapimika. Ukiona 8x42, maana yake darubini inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Weka rula kwenye kioo chenyewe, bila kuhesabu mpira wa pembeni. Ikiandikwa 42 lazima ikaribie 42. Vile vidogo vinavyotembezwa mitaani vikiwa vimeandikwa 30x60, ukivipima lenzi mara nyingi haifiki hata nusu ya hiyo 60, na hapo huna haja ya kuendelea.

Vingi vya aina hiyo vimeandikwa pia 126m/1000m, yaani ukitazama umbali wa kilomita moja utaona upana wa mita 126. Kwa umbali huo digrii moja ni kama mita 17.5, kwa hiyo 126 ni digrii 7.2. Zidisha kwa 30 za kuvuta, upate upana wa picha jichoni mwako: digrii 216. Darubini nzuri kabisa hukupa kati ya 50 na 70 kwa hesabu hiyo. Digrii 216 ni mtu anayeona hadi nyuma ya masikio yake. Aliyeandika namba zile hakupima kitu.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Toka nje ya duka. Shika darubini mbele yako kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye mbingu yenye mwanga (kamwe usiielekeze kwenye jua), kisha tazama zile lenzi za upande wa jicho bila kuzisogeza usoni. Katika kila moja utaona kiduara kidogo cha mwanga. Mwambie mwenzako akipime kwa rula. Upana wa lenzi ya mbele ukigawanya kwa namba ya kuvuta ndio upana wa kiduara hicho: 8x42 ni milimita 5 na kidogo, 10x42 ni milimita 4 na kidogo. Ile yangu iliandikwa 20x50, kwa hiyo ilitakiwa kutoa milimita 2.5. Nilipojifunza kupima, miezi mingi baadaye, nikakuta 5. Hamsini gawanya kwa tano ni kumi. Nilikuwa nimeuziwa 10 kwa jina la 20.

Ukiwa bado na kiduara, angalia umbo lake. Kiwe cha mviringo safi, chenye mwanga sawa hadi ukingoni. Kikiwa na pembe za kijivu, kama mraba uliojificha ndani ya duara, prizimu zake, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyogeuza picha, ni za kioo cha daraja la chini. Hilo peke yake si ushahidi wa ubandia, maana zipo darubini halali za bei rahisi zenye kioo cha BK7. Lakini kama ubavuni pameandikwa BaK4, yaani kioo cha daraja la juu, au jina la kampuni ya bei kubwa, na pembe unaziona, basi unadanganywa.

Rangi ya kioo ni jambo jingine. Inamisha lenzi ya mbele uone taa ya dukani ikiakisi ndani yake. Kioo kilichopakwa vizuri utando wa kupunguza kuakisi huakisi kwa unyonge, kijani au zambarau. Kikiakisi mwanga mweupe mkali kama dirisha, hakikupakwa kitu. Vile vyekundu kama jicho la tochi ndivyo vinavyowavutia vijana, na muuzaji atakwambia ni vya kuonea usiku. Si kweli. Rangi ile huirudisha nyuma nuru nyekundu, kwa hiyo unachokiona ndani kinageuka cha kibuluu. Simba aliyelala kwenye majani makavu ya Seronera, Serengeti, unamtambua kwa tofauti ndogo ya rangi kati ya manyoya na majani, na tofauti hiyo ndiyo inayopotea. Kuona gizani hasa kunataka chombo cha umeme chenye betri.

Faru wawili wa yule mama walitokana na mirija miwili ya darubini kutokuwa sambamba. Tafuta kitu kilicholala kama mstari kwa mbali: waya wa umeme, ukingo wa paa la bati. Utazame kwa darubini, kisha uvute darubini polepole mbali na macho, sentimita kumi hivi, huku ukiendelea kuuangalia mstari kwa macho yote mawili. Ukibaki usawa mmoja kushoto na kulia, vizuri. Ukipanda upande mmoja, rudisha. Ubongo hujitahidi kuziunganisha picha mbili zilizopishana, ndiyo maana dukani huoni tatizo na baada ya nusu saa porini kichwa kinauma. Fanya haya asubuhi, kabla joto halijaanza kuchezesha hewa juu ya lami, usije ukailaumu darubini kwa kosa la jua.

Mulika ndani kwa tochi ya simu kutoka mbele. Ukiona gundi iliyomwagika, alama za vidole au vumbi, ujue haikufungwa kwa hewa kavu ya nitrojeni kama maandishi yanavyodai. Yangu ilipata ukungu wa ndani nikiwa mbugani Ndutu, mwezi wa tatu, mvua ya kwanza tu. Nilipoifungua kwa bisibisi nyumbani nikakuta prizimu imeshikwa na tone la gundi, nayo ilikuwa imeachia.

Kuhusu maandishi: wengi hutafuta neno China wakidhani wamemaliza kazi. Nikon Monarch halali nyingi hutengenezwa China, na Bushnell nyingi pia. Swarovski Optik ni kampuni ya Austria, kiwanda chake kiko Absam, na darubini zake hutoka huko. Ukiikuta imeandikwa China, iache. Omba uone namba ya utambulisho iliyo kwenye mwili wa darubini, kisha umwombe muuzaji akuletee boksi la pili la aina ile ile. Namba zikifanana, ziache zote mbili, kwa sababu darubini za kampuni kubwa kila moja ina namba yake peke yake. Ipige picha namba hiyo na umwandikie mtengenezaji kabla ya kulipa.

Bei nayo inasema. Swarovski NL Pure mpya inauzwa zaidi ya dola 2,000. Anayekupa kwa laki mbili hajakupendelea. Kama una laki tatu au nne, tafuta 8x42 ya jina dogo lisilojificha nyuma ya jina la mwingine. Nane inatosha, tena mkono ukitetemeka ndani ya gari picha inatulia kuliko ya 10.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka. Bila hiyo huna pa kusimamia ukienda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia Tanzania Bara chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Mimi sikuwa na risiti. Niliporudi kwenye ile meza, palikuwa na mtu mwingine anauza viatu.

Na kama tayari unayo bandia, tafadhali usimuuzie kijana mwingine anayeanza kazi hii.