Vidonda vimeamka, au ni kiungulia? Namna ya kumpima na kumtibu mgonjwa, hatua kwa hatua

Mgonjwa anakaa kitini, anashika kidari, anasema: "Dokta, vidonda vyangu vya tumbo vimeamka tena." Ukimuuliza nani alimwambia ana vidonda, anachomoa kikaratasi cha maabara kilichokunjwa mara nne: kipimo cha damu cha H. pylori (bakteria wanaoweza kuleta vidonda vya tumbo), kimesoma chanya, cha miaka mitatu iliyopita. Kipimo hicho hutafuta askari wa mwili, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu hata bakteria wakishatibiwa. Hakisemi kama kuna kidonda, wala hakisemi lolote kuhusu tindikali inayopanda kwenye umio, yaani mrija wa chakula, na kuleta kiungulia.

Nafanya kazi kwenye kituo cha afya upande wa Temeke, na wagonjwa wa namna hii sikosi hata wiki moja. Ninachoandika hapa ni njia ninayopita nao. Nimewaandikia matabibu wenzangu, ila hata mgonjwa anayejisomea atanielewa.

Hatua ya 1: Mwache aonyeshe kwa mkono

Usianze na "una kiungulia?" Kwa wanaume wengi hilo ni neno la wajawazito. (Wajawazito nao wataambiwa mtoto ana nywele nyingi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake 64 ili kuupinga usemi huo, wakakuta una ukweli. Bibi zetu wapewe haki yao.) Mwambie aonyeshe panapomsumbua. Anayepandisha kiganja kutoka chembe ya moyo kuelekea kooni ananipa picha ya tindikali inayopanda. Anayegandisha kidole sehemu moja juu ya kitovu nitamfikiria vingine kwanza.

Kisha uliza: inazidi ukilala au ukiinama? Muumini mmoja aliniambia humjia akisujudu, nikajua tumefika. Je, unacheua maji machungu yakafika mdomoni? Na ni mara ngapi kwa wiki? Wataalamu waliokubaliana tafsiri ya ugonjwa wa tindikali kupanda, iliyotolewa mwaka 2006 na kuitwa ya Montreal, walisisitiza neno moja: usumbufu. Kupandisha tindikali mara moja baada ya pilau la harusi si ugonjwa. Dalili ndogo siku mbili au zaidi kwa wiki, au kali zaidi ya siku moja, hizo watu wengi huziona ni kero.

Hatua ya 2: Ondoa hatari kabla ya dawa

Chakula kukwama wakati wa kumeza. Kukonda bila sababu. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu. Ukiona mojawapo, usiandike omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, ya "tujaribu kwanza". Afrika Mashariki tumo kwenye ukanda ambao saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na huku kwetu haisubiri uzee. Huanza na ugali kukwama, baadaye wali, na wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road wakiwa wanapitisha uji tu. Miezi miwili ya majaribio ni mingi mno kwa mtu huyo. Mpe rufaa ya kipimo cha kamera inayoshushwa kooni hadi tumboni siku hiyohiyo.

Na kidari kinachobana mtu akipanda ngazi, chenye jasho au maumivu yanayokimbilia mkono au taya, ni cha moyo mpaka kipimo cha umeme wa moyo na daktari wake waseme vingine.

Hatua ya 3: Dawa, na saa ya kuimeza

Hapa ndipo tunapoharibu, na mimi nimeharibu. Dereva mmoja wa daladala nilimpa omeprazoli miligramu 20, nikaandika kwenye bahasha 1×1 (kimoja, mara moja kwa siku) kama tulivyozoea. Akarudi baada ya mwezi: "Dokta, dawa yako maji." Kumbe alikuwa anaimeza saa tano usiku, juu ya ugali, halafu anapanda kitandani. Bahasha yangu haikumwambia zaidi ya hapo.

Dawa za kundi hili huzima vipampu vinavyotoa tindikali tumboni, lakini huzima vile tu vilivyo kazini. Chakula ndicho kinachoviamsha. Dawa yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache, kwa hiyo lazima iwe imeshafika wakati vipampu vinaamka. Ndiyo maana humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ukiimeza na tumbo limeshajaa, au ukalala bila kula, umeipoteza nyingi. Nguvu yake kamili huja baada ya siku tatu hadi tano, basi anayemeza kimoja leo na kingine Ijumaa hajatibiwa. Kapsuli isitafunwe.

Siku hizi naandika kwa maneno: "Kimoja, nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, kila siku, wiki nane." Mlo wa kwanza, nasisitiza, si "asubuhi". Yule dereva anaingia barabarani saa kumi alfajiri na chapati yake ya kwanza ni saa nne. Ramadhani nawaambia wanaofunga: fungua kwa maji na tende, meza dawa, nenda kaswali Magharibi, ukirudi ndipo ukae kwenye futari.

Wiki nane kwa mwenye kiungulia cha wazi asiye na dalili za hatari ndiyo njia iliyopendekezwa na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022. Ila usiigeuze dawa kuwa kipimo. Uchambuzi wa mwaka 2004 uliojumlisha tafiti kadhaa ulikuta kupona kwa dawa hizi hubaini takriban asilimia 78 ya wenye ugonjwa, lakini huwatoa asilimia 54 tu ya wasio nao. Karibu sawa na kurusha shilingi kwa hao wa mwisho.

Hatua ya 4: Kitanda kabla ya sahani

Orodha ndefu za vyakula vya marufuku sizitoi. Mtu ukimkataza pilipili, chai, nyanya, machungwa na maharage, atakuitikia "sawa dokta" na kuondoka na njaa. Namwambia aache kile alichokiona mwenyewe kinamchoma. Yenye uzito zaidi ni kupunguza mwili kwa aliyezidi, na kupitisha saa mbili hadi tatu kati ya kula na kulala. Hili la pili najua ugumu wake kwa mtu anayetoka Kariakoo saa moja na kufika Chanika saa tatu na nusu. Basi mlo mkubwa uwe wa mchana, usiku apate kidogo.

Kichwa cha kitanda kiinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu ya kitanda ya upande huo. Mito mitatu haisaidii, inakunja tumbo. Na alalie ubavu wa kushoto.

Hatua ya 5: Wiki nane zikiisha

Akipata nafuu, simamisha, lakini mwonye kwanza. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark waliwapa watu 120 wenye afya njema ama esomeprazoli, ndugu wa omeprazoli, kwa wiki nane ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya kuacha, asilimia 44 ya waliotumia dawa walipata dalili za tindikali, dhidi ya asilimia 15. Hawa walianza hawana ugonjwa! Kwa hiyo kiungulia cha wiki za mwanzo baada ya kuacha kinaweza kuwa ni tumbo linarudisha kisasi. Vidonge vya magnesiamu vya kutafuna humvusha wengi.

Anayehitaji kuendelea atakuuliza kama dawa huharibu figo na mifupa, maana ameona video. Mjibu kwa utafiti mkubwa wa mwaka 2019: watu 17,598, nusu yao kwa pantoprazoli ya kundi hilohilo, nusu kwa kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa miaka mitatu hivi. Kilichoongezeka kwa uhakika ni maambukizi ya utumbo tu, asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Mpe dozi ndogo inayomtosha.

Hatua ya 6: Asipopona

Usikimbilie kuongeza dozi. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa maveterani wa Marekani 366 ambao kiungulia chao kilisemekana kimeshindikana kwa dawa. Kabla ya lolote walipewa omeprazoli mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na 42 wakapata nafuu palepale. Wengine 99, baada ya vipimo vyote, ilionekana umio wao hauna kasoro wala tindikali si chanzo. 23 walikuwa na maradhi mengine ya umio. Wengine waliondolewa kwa sababu nyingine, na waliobaki hadi kugawanywa kwa bahati nasibu kwenye makundi matatu ya tiba ni 78 tu. Kati ya hao, waliofanyiwa upasuaji wa kukaza mlango wa tumbo walifanikiwa 18 kati ya 27, na waliopewa dawa za ziada 7 kati ya 25. Upasuaji una watu wake, lakini tazama walivyochujwa.

Kwa hiyo mwambie alete bahasha na akusimulie siku yake kuanzia alfajiri. Uliza pia diklofenaki ya maumivu ya mgongo, na antibiotiki ya doksisaiklini aliyoimeza bila maji akalala, zote huunguza.

Hatua ya 7: Barua ya rufaa

Ukimpeleka Muhimbili au kwingine kwa kamera, na hana dalili za hatari, asimamishe omeprazoli wiki mbili hadi nne kabla, la sivyo michubuko itakuwa imeshapona na majibu yatasema "kawaida". Majibu hupangwa kwa daraja A hadi D za Los Angeles, A ikiwa michubuko midogo na D mikubwa. Kwa makubaliano mapya ya wataalamu yaitwayo ya Lyon, B na kuendelea inatosha kuthibitisha ugonjwa. A haitoshi, na hapo hutakiwa kupima tindikali ndani ya umio kwa saa 24 au zaidi: ikizidi asilimia 6 ya muda ni ugonjwa, chini ya 4 siyo.

Kwenye barua andika dalili kwa maneno ya mgonjwa, dawa gani, dozi gani, amemeza saa ngapi na kabla ya mlo upi, na tarehe aliyoacha. "Mgonjwa wa vidonda vya tumbo sugu" usiandike.