Laptop ya mtumba, Linux ya amri tupu

Laptop ya mtumba ya Kariakoo yenye RAM ya GB 2 hulemewa na madirisha na picha. Debian (aina ya Linux) isiyo na mazingira ya picha huiendesha vizuri, ila kila kitu unakiandika. Haina ugumu unaosemwa mitaani. Ni kali tu.

Wakati wa kusakinisha, acha nywila ya root (msimamizi mkuu) tupu, ndipo sudo, amri ya kutenda kama msimamizi, itakapokufanyia kazi. Baadaye, ukiingia au ukitumia sudo, nywila haionekani unapoiandika. Wengi hudhani kibodi imekufa.

mkdir Kazi hutengeneza folda, cd Kazi hukuingiza, ls huonyesha kilichomo. Ukiandika kazi kwa k ndogo, utakataliwa. Jina lenye nafasi lifungie ndani ya alama za kunukuu, la sivyo "Risiti za Juni.pdf" litasomwa kama mafaili matatu. Au andika herufi chache, bonyeza Tab, likamilike lenyewe.

Flashi ndiyo husumbua zaidi, maana haijifungui. Itafute kwa lsblk, inayoorodhesha diski. Ikiwa ni sdb1, ifungue, nakili faili, kisha ifunge:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp "Risiti za Juni.pdf" /mnt
sudo umount /mnt

Usiichomoe kabla ya umount kumaliza: data huweza kuwa bado kwenye RAM, na faili likafika nusu.

rm, amri ya kufuta, haina kapu la taka. Tumia rm -i ikuulize kwanza.

Umeme wa LUKU ukiisha katikati ya apt (amri ya kusakinisha programu) na betri imechoka, washa tena kisha, kumalizia usakinishaji, andika sudo dpkg --configure -a.