Kabla hujapandikiza nywele za kipilipili

Nimesuka watu Kinondoni miaka kumi na tisa, na nywele zangu za mbele ziliishia mikononi mwa wasusi wenzangu. Twende kilioni ya kubana, kisha rasta nzito, zikifumuliwa tu napaka dawa ya kulainisha. Kufikia 2019 zilikuwa zimerudi nyuma hadi usawa wa masikio. Leo zipo, nimepandikiza, yaani nywele zimechimbuliwa kisogoni na mizizi yake zikapandwa mbele, na kila Jumamosi wateja wananiuliza nilifanyaje. Naandika mara moja, niwe naonyesha simu.

Anza kwa daktari wa ngozi, usianze kwa mpandikizaji. Mimi nilipanda basi hadi hospitali ya KCMC, Moshi, kwa sababu kunyonyoka hakuko kwa namna moja. Zilizovutwa na misuko, ukiwahi kuacha kubana, huota zenyewe. Ukichelewa, vitundu huziba na ngozi hung'aa kama sahani. Hapo ndipo kupandikiza kuna maana. Ila kama upara umeanzia utosini na unapanuka, pengine unawasha au unauma, huenda ni ugonjwa unaoua mizizi na kuacha kovu ndani. Huo ukiwa hai, utakula na ulichopanda. Daktari hukata kinyama kidogo akipime, akautuliza kwa dawa, halafu mnasubiri mwaka au zaidi muone kama kweli umelala. Shoga yangu hakusubiri. Sasa ana upara ule ule, pamoja na madoa kisogoni palipochimbwa.

Jikague makovu pia: ulipotoga masikio, ulipochanjwa begani. Kovu lililovimba likavuka mpaka wa kidonda chake, mwambie daktari kabla ya yote.

Sasa pale pesa za watu zinapopotea. Nywele yetu haikunjiki juu tu, hata mzizi umepinda chini ya ngozi, mahali usipouona. Kifaa cha kuchimbua ni kijibomba cha kama milimita moja. Kikizama wima, kinaukata mzizi katikati. Daktari aliyenipandikiza aliniwekea miche mitatu, yaani nywele zilizochimbuliwa tayari kupandwa, juu ya kitambaa cheupe kilicholoa. Miwili ilikuwa imepinda kama ndoano, mizima, na mafuta yake meupe yameishikilia. Wa tatu ulikuwa kipande cha unywele tu, chini hakuna kitu. "Huu ungekufa," akasema. Aliyewahi kung'oa mpunga kitaluni anaelewa bila kuelezwa.

Kwa hiyo omba majaribio. Wakuchimbue miche ishirini au thelathini, waipande, urudi nyumbani usubiri miezi kadhaa. Utajua inaota au haioti, na ngozi yako inatengeneza kovu gani. Anayekataa, aga. Ofisi moja ya Istanbul niliitumia picha tatu kwa WhatsApp. Dakika kumi hazijaisha wananiambia miche 4,000 na tarehe ya ndege. Hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu makovu. Kwanza kipilipili hujikunja na kutuna, hufunika ngozi kwa miche michache kuliko nywele zilizonyooka. Na kisogo ukishakichimba, palipochimbwa hapaoti tena. Kitumie kwa ubahili.

Uliza pia nani hasa atashika kile kijibomba, daktari au kijana wake, na udai picha za vichwa kama chako, mbele na kisogoni.

Siku yenyewe haina hadithi ndefu. Sindano za ganzi zinauma, baada ya hapo unasinzia. Usiku wa mwanzo unalala umeinua kichwa kwa mito, unanyunyiza maji ya chumvi waliyokupa, hukuni. Magamba hudondoka ndani ya wiki mbili.

Kisha nywele ulizolipia zinadondoka pia! Mimi wiki ya nne nilizikuta kwenye mto, nikalia hadi mume wangu akaamka. Hakuna aliyenitahadharisha, ndiyo maana nakutahadharisha wewe. Mzizi unabaki. Mwezi wa nne vinywele vikaanza kuchomoza, vingine vimejikunja ndani ya ngozi kama vipele (usivitumbue), na sura kamili niliiona baada ya mwaka na nusu.

Dawa ya kulainisha sipaki tena, rasta sisuki. Na mteja akikaa kwenye kiti changu akasema "Dada, bana ndiyo zidumu," namwelekeza saluni ya jirani.