Kumwasili mtoto mjini Lubumbashi: pa kuanzia na jinsi ya kupanga gharama

Katika nyumba za Katuba, Kenya au Rwashi, ambazo ni komini, yaani wilaya, za mji wetu hapa Kongo, ni jambo la kawaida kukuta mtoto anayelelewa na watu wasiomzaa: mtoto wa dada aliyefariki, mpwa aliyeletwa kutoka Kasenga ili asome mjini, au mjukuu ambaye mama yake alivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta maisha. Ulezi wa namna hiyo ni sehemu ya heshima yetu, nao hauhitaji hukumu ya mahakama. Kuasili ni jambo jingine. Kwa hukumu ya hakimu, mtoto anakuwa mwana wenu mbele ya sheria, na Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamweka katika daraja la kwanza la warithi pamoja na watoto mliowazaa, daraja ambalo hugawana robo tatu ya mali ya marehemu. Mtoto aliyelelewa bila karatasi hana nafasi hiyo, hata akiwa amekaa nyumbani kwenu miaka 20. Baba mlezi akifariki leo, ndugu wa marehemu wanaweza kumwambia atoke kabla matanga hayajaisha, na hatakuwa na hati yoyote ya kuwaonyesha.

Kwa hiyo swali la kwanza si la fedha bali ni la haja. Ikiwa wazazi wa mtoto wako hai, wanamtembelea, na wanatarajia kumchukua maisha yao yakitengemaa, msikimbilie kuasili. Endeleeni kumlea kwa makubaliano ya ukoo, au, ikiwa hana mzazi wa kumsimamia, ulizeni kuhusu usimamizi wa kisheria. Kuasili kunafaa pale ambapo mtoto anahitaji wazazi wa kudumu na ninyi mko tayari kuwa wazazi hao hadi mwisho. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sheria yetu haimtengi mtoto na familia alikotoka: anaingia kwenu, lakini uhusiano wake na familia ya asili unabaki. Wanaotaka kumwasili mtoto kwa sharti kwamba bibi yake asikanyage tena uani, nawashauri wafikiri upya kabla ya kuandika barua yoyote.

Mkishakubaliana nyumbani, nanyi wote wawili kama mmeoana, kwa maana mmoja hawezi kuanza kwa siri ya mwenzake, nendeni kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya mkoa, ambayo watu huiita Divas, mkaonane na mhudumu wa jamii. Yeye ndiye atakayefanya uchunguzi wa nyumba yenu: atauliza kipato, ataangalia mtoto atalala wapi, na atazungumza na watoto wenu wengine pamoja na majirani. Msimwogope wala msimwandalie karamu. Mtoto ambaye yuko katika kituo cha malezi naye hupitia kwa wahudumu hao hao. Mkuu wa kituo hana mamlaka ya kuwakabidhi mtoto awe wenu kwa sahihi yake peke yake.

Maombi yenyewe hupelekwa katika mahakama ya watoto, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliipa mahakama hiyo mamlaka juu ya utambulisho, uzazi na uasili wa watoto. Mwombaji awe mtu mzima ambaye hajanyang'anywa mamlaka ya mzazi, na kwa kawaida awe amemzidi mtoto kwa miaka 15 au zaidi. Wazazi waliomzaa, wakiwapo, sharti waridhie mbele ya wenye mamlaka. Wasipokuwapo, cheti cha kifo na sauti ya ukoo huhitajika. Mtoto mwenye umri wa kuelewa ana haki ya kutoa maoni yake, nanyi mzungumze naye mapema, ili asisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza mdomoni mwa hakimu.

Karatasi inayochelewesha watu kuliko zote ni cheti cha kuzaliwa. Uandikishaji katika ofisi ya komini hauna malipo ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, lakini watoto wengi hupitisha muda huo, na baada ya hapo huhitajika hukumu ya mahakama inayoziba pengo, yaani jugement supplétif. Anzeni na hiyo. Kuipata kunaweza kuchukua miezi, na bila utambulisho wa mtoto faili la kuasili halisongi mbele.

Sasa fedha. Gharama za mahakama zinalipwa kwa hati rasmi ya malipo na mnapewa risiti; mtu yeyote anayewaomba fedha mkononi ili faili lenu lipite haraka, mwambieni mnasubiri hati. Wakili mkubaliane naye kwa maandishi kiasi chote tangu mwanzo, pamoja na kile atakachodai ikiwa kesi itaahirishwa. Asiyeweza kumlipa wakili aende kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya chama cha mawakili, na mwenye hati ya umaskini anaweza kuomba asamehewe gharama za mahakama. Hesabuni pia nakala, picha, na nauli za kwenda na kurudi, ambazo kwa mtu wa Annexe, komini ya pembezoni mwa mji, zinaweza kufika fedha ya maana kabla hukumu haijasomwa.

Kuna malipo moja yasiyoruhusiwa kabisa: kumpa mzazi au kituo fedha kwa ajili ya mtoto. Hata mkiiita asante, sheria ya 2009 inaadhibu uuzaji wa mtoto kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Kama mama mzazi yuko katika shida, mhudumu wa jamii amwelekeze kwenye msaada, na msaada huo usifungamane na sahihi yake. Naomba jambo hili lizingatiwe na kila anayesoma, kwa sababu umaskini wa mzazi peke yake si sababu ya kumpoteza mtoto wake.

Hata hivyo, mahakama ni sehemu ndogo ya gharama. Kubwa ni miaka inayofuata. Njia ninayoiamini ni hii: miezi mitatu kabla ya kupeleka maombi, andikeni mtoto wa umri huo atatumia nini kwa mwezi, kisha kila mwezi wekeni kando kiasi hicho chote na muishi kwa kilichobaki. Mkishindwa mwezi wa pili, mmejua mapema, na hakuna mtoto aliyeumia. Mkiweza, fedha iliyokusanyika italipia karatasi. Katika hesabu hiyo msichukue bei ya leo ya unga, maana kila mtu wa Lubumbashi anajua jinsi mfuko wa kilo 25 unavyopanda unga kutoka Zambia unapopungua. Chukueni bei ya juu kabisa mliyoilipa mwaka uliopita. Kama mshahara unaingia kwa faranga na shule inadai dola, hesabuni kwa dola.

Shule ya msingi ya serikali haina ada tangu Septemba 2019, ila sare, madaftari na viatu bado ni juu yenu, na baada ya msingi ada hurudi. Walio katika likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, waombe zamu ya Agosti. Kwa afya, chanjo za kawaida hutolewa bure katika vituo vya afya, lakini kabla ya jambo lingine mpimeni mtoto malaria, lishe, virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS. Sisemi hivyo ili akipatikana nao mmwache. Mtoto mwenye SS anaweza kuhitaji kuongezewa damu ghafla, usiku, na familia yenye akiba ya dharura huokoa saa ambazo nyingine huzitumia kukopa.

Mtoto aliyeishi barabarani, au aliyefukuzwa kwa kuitwa mchawi, tuhuma ambayo sheria inaikataza na kuiadhibu, atahitaji pia muda wenu: kukojoa kitandani, kuficha bukari (ugali) chini ya mto, kunyamaza siku nzima. Mmoja wenu apunguze kazi miezi ya kwanza ikiwezekana, na kipato kitakachopungua kiandikwe katika bajeti kama gharama nyingine yoyote.

Kuhusu ndugu walio Ubelgiji au kwingineko wanaotaka mtoto afuate kwao: tarehe 25 Septemba 2013 Kongo ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, na familia nyingi zilingoja zaidi ya miaka miwili. Msinunue tiketi kwa ahadi ya mtu.

Hukumu ikishatoka, ombeni cheti kwamba haikukatiwa rufaa, kisha ipelekeni komini ili iingizwe katika daftari la raia na mpewe hati ya uasili. Toeni nakala zilizothibitishwa, moja ikae shuleni na nyingine kwa ndugu mnayemwamini nje ya nyumba yenu, na mtoto akifika umri wa kutunza vitu vyake, muonyesheni hati halisi inakaa wapi.